Mama Programu hauamini tena ukimya wa simu

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajapangusa vumbi mezani, Mama Programu anawasha kompyuta na kuanza kupekua tovuti moja baada ya nyingine: ya hospitali, ya idara ya maji, ya bodi ya mitihani. Ziko kumi na nne. Ana programu inayoweza kumfanyia kazi hiyo kwa dakika moja, lakini anataka kuona kwa macho yake.

"Programu naipenda, imenilisha," anasema. "Kuiamini kabisa, hapana."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na saba ana kibanda chenye upana wa kitanda, kati ya duka la viatu na kinyozi. Zamani alikuwa mchapaji katika ofisi ya mawakili. Ofisi ilipofungwa, aliondoka na kompyuta kuukuu badala ya mshahara wa miezi miwili. Siku hizi huwawekea watu programu kwenye simu na kompyuta: ya kusoma nyaraka, ya kubana picha zisijaze simu, ya kumsomea kwa sauti asiyeona vizuri.

Inayotafutwa zaidi ni ile ndogo inayochota matangazo mapya kutoka tovuti mbalimbali na kuyaleta kwenye simu ya mteja. Watu sitini na wawili wanaitegemea. Mmoja wao ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, anayemlea peke yake binti wa miaka minne asiyesikia.

Fundi alikuwa akisubiri hospitali itangaze uandikishaji wa watoto kwa upasuaji wa masikio. Hufanyika mara moja kwa mwaka, siku tatu tu.

"Kila asubuhi ananiuliza, 'Dada, bado?' Nami namjibu, 'Bado, fundi. Tangazo likitoka, simu italia yenyewe,'" anakumbuka.

Simu haikulia. Hospitali ilikuwa imehamishia matangazo kwenye anwani mpya, na programu ikabaki kubisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mama Programu aliona wiki mbili zimepita kimya, akadhani hakuna jipya.

Siku ya mwisho ya uandikishaji, saa nane mchana, mama mmoja alikuja kuchapisha fomu. Mama Programu aliisoma. Ilikuwa fomu ya upasuaji wa masikio, mwisho saa kumi.

"Sikufunga hata mlango. Nikavuka barabara, nikamwambia, 'Fundi, acha hiyo suruali. Mchukue mtoto, twende.' Njiani nikamweleza kweli: tangazo lilitoka, mimi ndiye sikuliona."

Fundi hakumlaumu. "Alimpakata mtoto tu, akatazama njia. Afadhali angenitukana."

Hospitalini walikuta nafasi zimejaa na karani anafunga mafaili. Mama Programu alimweleza yote bila kujitetea. Karani akamtazama mtoto, akafungua daftari upya, akamwandika kwenye orodha ya akiba: wa nne.

Wiki tano baadaye simu ya fundi iliita. Nafasi nne zilikuwa zimepatikana.

Upasuaji ulifanyika, na leo binti anavaa kifaa cha kusikia nyuma ya sikio na anajifunza sauti moja moja. "Juzi cherehani iliponguruma, akageuka," anasema baba yake. "Nikaisimamisha. Nikaianzisha tena, akageuka tena. Kazi ya mteja haikuisha siku hiyo."

Kuhusu jirani yake, fundi hana maneno mengi. "Dada angeweza kunyamaza, nisingejua maisha yangu yote."

Mwezi ujao, kila Jumamosi, Mama Programu atawafundisha wateja kumi wa kwanza kuweka anwani wenyewe na kutambua programu inapokwama. Ameshaazima mabenchi mawili kwa kinyozi, na orodha imeshajaa.

"Sitaki watu sitini na wawili wategemee macho yangu mawili," anasema. "Kuna siku nitaumwa. Siku hiyo nataka mmoja wao aje kunigongea aniambie, 'Mama, ile tovuti imehama.'"