Mtoto wa Kuazima

Muuguzi wa zahanati moja nje ya Mutomo ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya kusikika mpaka kwenye benchi la nje: “Mama, mtoto ananyonya vizuri?” Ya pili huitoa nyuma ya pazia, akisugua viganja vipate joto: “Leo mkono gani?” Ndinda, mmoja wa wateja wake wa nyuma ya pazia, akampa wa kushoto. Wake ambao waume zao hawataki kusikia habari ya kupanga uzazi huifuata ile sindano ya miezi mitatu wakiwa na mtoto wa jirani, waonekane wameleta mtoto kupimwa uzito. Muuguzi humpima mtoto huyo, hata akirudi asubuhi hiyohiyo mgongoni mwa mwanamke mwingine. Plasta hambandiki mtu, maana plasta huonekana nyumbani. Hubana pamba kwa kidole mpaka damu ikauke.

Mtoto wa jirani aliyeletwa na Ndinda alikuwa ananing'inia kwenye mizani wakati Kitheka, mume wa Ndinda, alipotokea mlangoni.

“Daktari, huyu ni wa nani? Kitindamimba wetu yuko shule.”

Ndinda akashusha mkono wa blauzi. Muuguzi hakugeuka. Alisoma mizani, akamfuta mtoto mate.

“Hapa mtoto ni wa aliyemleta,” akasema kwa ile sauti ya benchi. “Na ameongeza. Mama, umlete tena baada ya miezi mitatu.”