Kilichompata Shangazi Kwenye Chumba cha Damu

Shangazi yangu aliwatoa watu damu kwa miaka ishirini na saba. Chumba chake pale hospitali kilikuwa kidogo: kiti kimoja cha mgonjwa, meza ya vichupa vyenye vifuniko vya rangi, na dirisha linalotazama ukuta. Wagonjwa walimwita Bi Mshipa. Wenye mikono minene, waliowatoa jasho wauguzi vijana, wote waliishia kwake. Alikuwa akifunga mpira wa kubana mkono juu ya kiwiko, akifumba macho, akipapasa kidogo kwa kidole, na kabla hujajiandaa kulia ameshamaliza. "Huyu hachomi," walisema, "anabisha hodi."

Vijana wakimwuliza anaujuaje mshipa usioonekana, aliwajibu, "Papasa." Wakisema wameshapapasa, aliwaambia, "Papasa tena." Kwa kufundisha alikuwa hovyo kabisa.

Mwalimu alikuwa kaka yake mkubwa, marehemu baba yangu. Alifundisha dini miaka arobaini na kuandika vijitabu sita kuhusu safari ya roho kumwendea Mungu. Safari hiyo aliigawa hatua saba, kila hatua na dalili zake. Mimi nilizikariri kabla sijajua kufunga kamba za viatu, na nilipozikosea nilichapwa. Nasema hivi bila kinyongo. Au kinyongo kidogo tu.

Sasa Jumatano moja, saa nne asubuhi, shangazi akiwa ameushika mkono wa mama mmoja aliyekuwa akilalamikia foleni, kuna kitu kikamjia. Kilidumu muda wa kujaza vichupa viwili. Akachomoa sindano, akabana pamba, akaita mwingine. Walikuwa wamebaki kumi na tisa, na aliwamaliza wote.

Jioni alipita kwetu, akakaa mezani. "Leo kuna kitu kimenipata kazini," alisema. Tuliruka sote, tulidhani amejichoma sindano ya mgonjwa. Mama alishaanza kumtafutia viatu arudi hospitali.

"Si hilo," alisema. "Ni Mungu." Kisha akaomba apewe chumvi.

Wengine walicheka kwa kutojua la kufanya. Baba hakucheka. Uso ulimbadilika, akaweka kijiko chini na hakula tena usiku ule.

Wiki hiyohiyo daktari alikuwa amemwambia baba kwamba moyo wake umechoka, na asipange mambo ya mbali. Jumamosi akanitaka nichukue daftari nimfuate kwa shangazi, kwani mkono wake ulishaanza kutetemeka na hakuweza kuandika. Njiani tulisimama kila baada ya nyumba tatu ili avute pumzi. Katika mara mojawapo tuliposimama akaniambia jambo ambalo sikuwahi hata kuliwazia.

"Miaka yote hii, mwanangu, mimi sijawahi kuhisi chochote. Hata hiyo hatua ya kwanza. Nilifundisha nilichosoma. Nataka nijue, kabla sijaondoka, kama kweli kuna kitu."

Nilimhurumia sana. Nilimkasirikia pia, nikikumbuka zile fimbo.

Shangazi alitupokea sebuleni, sare zake za kazi zimeanikwa kwenye mgongo wa kiti. Baba hakungoja hata maji.

"Ilikuwa furaha au amani? Hivyo ni vitu viwili."

"Hapana."

"Hapana ipi?"

"Zote mbili, kaka."

"Kwa hiyo ni huzuni."

"Kaka, wewe nawe!"

Akauliza kama aliona nuru. Hakuona. Joto? Lilikuwepo, la dirishani. Sauti? "Ya yule mama wa foleni." Niliandika yote, na baba akaniamuru nikate la foleni. Akaomba basi mfano, japo mmoja. Shangazi alijitahidi, hilo nitamshuhudia popote. "Ni kama umeingia chumbani kutafuta kitu, halafu..." Akasita, midomo ikicheza. "Hapana, sivyo. Kata na hilo."

Tulikwenda Jumamosi tatu. Mara ya pili baba alibeba vijitabu vyake vyote sita, akamsomea dalili moja baada ya nyingine kama mtu anayeita majina shuleni, na hakuna iliyoitika. Mara ya tatu alikuja na jedwali alilonichoresha kwa rula. Hakuwa amefika mstari wa nne shangazi alipoanza kulia.

"Kaka, kila nikijibu kinapungua. Siku ile kilikuwa kizima. Sasa nikikitafuta nakuta maswali yako. Naomba uniachie kilichobaki."

Asiyejua maana haambiwi maana: ndivyo baba alivyozoea kuwakatisha tamaa wanafunzi wagumu. Siku ile alinipa tu ishara nifunge daftari, akavua miwani, akakaa akiitazama mikono yake juu ya magoti. Alionekana mzee kuliko nilivyokuwa nimekubali.

"Basi nina moja tu," alisema. "Si la kitabu. Na mimi nilikuwamo?"

"Ulikuwamo," alisema shangazi. Baba alikuwa hajafunga hata mdomo.

Nilifungua daftari haraka. Baba akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hilo usiliandike."

Akaegemea kiti. Machozi yakamtoka, naye hakujisumbua kuyafuta. Baadaye akaomba chai, na akaongeza sukari aliyokatazwa, na hakuna aliyemgombeza.

Nilimfuata shangazi jikoni kuosha vikombe. Nilijua si adabu kumwuliza, lakini nilimwuliza.

"Shangazi, ni kweli, au ulimwonea huruma?"

Alisuuza kikombe, akakiinamisha juu ya kitambaa.

"Si wewe ndiye uliyekuwa ukiandika? Jumamosi tatu nimekwama kwenye kila neno mlilonipa. Hapo je, ulinisikia nikikwama?"

Sikumsikia akikwama. Nilichukua kikombe kingine nikakikausha, ingawa kilikuwa kimeshakauka. Nilitaka sana kumwuliza, na mimi je? Swali lilifika kwenye ulimi likakaa hapo. Niliogopa atakwama.