Nyuzi Nne Nukta Mbili

Karani wa zahanati, ambaye wenzake walimbandika jina la Bibi Mitambo, alikuwa na ulevi mmoja tu: kuandika skripti, programu fupi za kompyuta. Aliokota maktaba za programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na watu asiowajua, akaviunga kwa mistari yake michache hadi kitu kikafanya kazi. Kikifanya kazi, alicheka peke yake kama aliyetekenywa. Skripti ya friji ya chanjo ndiyo iliyompa kichwa. Ilisoma kipimajoto na kuonyesha nyuzi kwenye kompyuta, naye akamwambia muuguzi mkuu, "Mama, daftari lako la joto lipumzishe. Mashine itakuangalizia."

Siku ya chanjo ni moja kwa wiki, na asubuhi hiyo mabenchi yalijaa wazazi na vichanga. Karani akatupia jicho kompyuta: 4.2. Jana pia ilikuwa 4.2. Na juzi, umeme ulipokatika kutwa nzima na kompyuta ikitumia betri, 4.2.

Akafungua skripti, akauona mstari aliouandika kwa uvivu siku alipochoshwa na makosa: likitokea kosa, nyamaza, onyesha namba ya mwisho. Akaufuta, akaiendesha upya. Maandishi mekundu yakajaa kioo kizima. Maktaba ilikuwa imejisasisha, na kipimajoto haikijui tena.

Alikimbia. Muuguzi alikuwa ameshavuta dozi ya kwanza, paja la mtoto limeshikwa.

"Mama, weka sindano chini."

"Una nini wewe? Foleni huioni?"

"Tazama alama ya joto kwenye kichupa. Tafadhali."

Muuguzi akakipeleka dirishani. Kimraba cha katikati, kinachotakiwa kuwa cheupe, kilikuwa kimekolea sawa na duara lake. Akatoa kingine, na kingine. Vyote vimeharibika.

"Mashine ilikuwa inatudanganya," karani akasema. "Mimi ndiye niliyeifundisha."

Muuguzi akamrudishia mzazi wa kwanza mtoto wake.

"Miaka yote nimekagua alama hii kabla ya kuvuta dawa," akasema taratibu. "Nikaacha. Hiyo mashine sikuiamini hata siku moja, mwanangu. Nilikuamini wewe."

Karani aliona haya mpaka kwenye nyayo. Muuguzi akamfungulia mlango.

"Haya, nenda. Hao walioko nje waambie wewe mwenyewe."

Akatoka, na mabenchi yote yakamgeukia.