Kikombe Kilichobaki kwenye Sinia

Hamimu wa Kondoa alikuwa mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkosesha mke.

Mwaka 2018 alifanya kazi ofisi moja na Nesrin, binti wa Kituruki, huko ng'ambo, mjini Plano. Walipopendana, Nesrin akamwambia, "Jumamosi leta wazee wako nyumbani, waje kuniomba." Hamimu akaelewa kama anavyoelewa mtu wa kwao: mshenga huenda, mwoaji hukaa mbali asionekane ana kiherehere. Akamwendea Mzee Mwita wa Haltom City, akampa maua na boksi la chokoleti, akamshusha mlangoni kwa akina Nesrin. Yeye akaegesha gari mtaa wa pili.

Kumbe kwa Waturuki mwoaji mwenyewe huketi sebuleni. Binti huleta kahawa. Kikombe cha mchumba hutiwa chumvi, naye hukinywa chote bila kukunja uso, waone kama ataivumilia ndoa. Nesrin hakumdokezea, maana raha yake ni kumshtukiza.

Watu wakachukua vikombe, kimoja kikabaki kwenye sinia. Mzee Mwita akaona ni aibu cha watu kuachwa kipoe, akakichukua. Akapiga funda moja, akakirudisha, akaomba sukari. Baba yake Nesrin akauliza kijana yuko wapi.

"Yuko kwenye gari," mzee akajibu kwa fahari. "Kwetu mwoaji haji."

"Basi mwite."

Mzee akatoka, akafikisha ujumbe. "Lakini usiende, mwanangu, utajishusha. Na kahawa yao, mh, wametia chumvi." Wakacheka. Hamimu akawasha gari, wakaondoka. Hapo ndipo anapojilaumu mpaka leo: mlango ulikuwa wazi, naye ameitwa.

Jioni Nesrin akapiga simu. Hakugomba, heri angegomba.

"Baba amekataa. Anasema aliyeshindwa kuingia sebuleni hataingia kwenye shida zangu." Kisha akaongeza, "Mama alitaka nitie chumvi vijiko vitatu. Nilitia kimoja tu, nilikuonea huruma."

Hamimu aliomba radhi wiki nzima, baba mtu asipokee simu. Akahamia Missouri City, kule Houston, na huko akasikia Nesrin ameolewa.

Siku hizi vijana wakimwomba awe mshenga hakatai, ila humwambia mwoaji avae suti waende wote. Mwanzoni mwa 2020 mmoja alisita. "Anko, hiyo si ni ku-break mila?"

"Vunja," akasema Hamimu. "Mimi niliitunza. Ndiyo niliyobaki nayo."