Netta wa Dirishani na Swali la Njia ya Kuanzia

Kwa miaka mingi, mtu akifika kituo cha msitu cha Hartshaw na baiskeli yake ya milimani, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza na hajui aanzie njia ipi, aliambiwa asihangaike na ule ubao. Aende akamuulize Netta.

Ubao wenyewe ulikuwa mkubwa kama mlango wa ghala, umesimama pale maegeshoni. Ulichorwa njia nne zikipinda msituni kama utumbo wa mbuzi: ya kijani iliyo rahisi, ya bluu, nyekundu, mpaka nyeusi iliyo ngumu kuliko zote. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya kueleza wapi pana mizizi, wapi pana mawe, wapi pa kuruka. Wageni waliusoma mpaka usubi ukawauma masikio, kisha wakaja kwenye dirisha la mkahawa, ambako Netta Turnbull aliuza chai, supu ya dengu na skonzi za siagi.

Netta alikuwa mjane aliyekwisha kupita sitini, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuitia kondoo. Alikuwa na namna yake ya kujibu. Kwanza anafuta mikono kwenye aproni. Kisha anachungulia nje, anavitazama viatu vya mgeni.

"Umekula nini asubuhi, mwanangu?"

"Uji, mama. Na ndizi."

Hapo Netta hufumba macho kidogo, kama anayesikiliza kitu mbali.

"Bluu," anasema. "Anayefuata!"

Mgeni anashukuru, anakwenda zake akiwa mwepesi moyoni. Akirudi, amechafuka tope na anacheka, anaagiza supu bakuli mbili. Kuna mmoja aliandika mtandaoni kwamba ukifika Hartshaw, mtafute bibi wa dirishani, anamsoma mtu kama kitabu. Baada ya hapo watu wakaanza kuja kutoka hata Glasgow na Newcastle.

Sisi wenyeji tulijua kwamba karibu kila mtu aliambiwa bluu. Tulidhani ni hekima. Kumbe siku ya kwanza kabisa kuulizwa, skonzi zilikuwa zinaungua ndani, akataja rangi iliyomjia mdomoni na kukimbilia jikoni. Yule mtu alirudi amefurahi. Na Netta hakuwa mtu wa kubadili kitu kisicho na kasoro.

Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Netta hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Nyumbani kwao kulikuwa na moja tu, ya kaka yake, na mama yao alisema itamchania sketi. Akaolewa na Wat, aliyekuwa na trekta. Tangu njia zile zikatwe msituni hakuwahi kulivuka geti. Alisema mle ndani mna giza na majimaji kama ndani ya gambuti. Hakumdanganya mtu. Hakuulizwa tu.

Wala hakukaa bila kujifunza. Walioumia walipitia kwake kuomba plasta.

"Umeangukia wapi, baba?"

"Kwenye kona baada ya daraja. Nimebana breki ya mbele, mizizi ikateleza."

Basi kesho yake mgeni aliongezewa: "Bluu. Na ukivuka daraja, kuna kona ina mizizi. Breki ya mbele usiiguse." Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Matata yalianzia kwa Dod Oliver, mume wa Ina, binamu yake Netta. Dod alikuwa meneja wa benki, akastaafu, na kustaafu kukamchosha upesi. Akanunua baiskeli yenye shokamzoba mbele na nyuma, na nguo za kubana zinazong'aa. Akaja dirishani huku foleni nzima ikimtazama.

"Shemeji, hebu nipe njia ya kuanzia. Sema ukweli, usinionee haya."

Netta akachungulia. "Bluu."

"Bluu? Mimi? Hebu nitazame vizuri."

"Nimekutazama, shemeji. Viatu bado vina karatasi ya bei chini ya soli."

Foleni ikaangua kicheko. Dod akavuta kidevu juu, akashika njia nyekundu. Alirudishwa alasiri nyuma ya gari la walinzi wa msitu, ameketi kati ya nguzo za uzio, gurudumu la mbele limekunjika kama chapati. Netta alimpelekea supu mezani, akaiweka, akaondoka bila kusema neno. Kama angemcheka, Dod angesamehe. Ule ukimya ndio uliomkaa kooni.

Dod alikuwa mjumbe wa kamati ya kituo. Kila masika huwa kuna siku ya wanaoanza, kundi la wageni wanaongozwa njia yao ya kwanza. Kwenye mkutano akasimama, akakohoa kibenki.

"Mwaka huu naona tusitafute mwalimu wa mbali. Wageni waongozwe na anayezijua njia hizi kuliko sisi sote. Shemeji yangu, Netta."

Ina alikuwa mke wake. Siri za binamu yake Netta alizijua, na baada ya miaka arobaini ya ndoa hakuna siri inayobaki upande mmoja wa kitanda. Greer Pringle, meneja wa kituo chetu, akawa wa kwanza kupiga makofi. Nami nilipiga, Mungu anisamehe. Netta akafungua mdomo. Akatuona nyuso zetu zilivyochangamka.

"Asanteni," akasema.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Ina.

"Mumeo ameniua."

"Si useme tu hujui, dada?"

"Nitaanzaje? Kuna watu wametoka Newcastle kwa neno langu!"

"Basi chukua baiskeli yangu, twende kanisani."

Si kwa kuomba. Maegesho ya kanisa ndiyo mahali pekee pa tambarare Hartshaw. Ina alishika kiti kwa nyuma, akakimbia na kandambili zake.

"Kanyaga! Kanyaga, usitazame chini!"

"Nisipotazama chini nitajuaje niko wapi?"

"Uko kanisani, wapi tena! Breki! Si hiyo, hiyo ni ya mbele!"

Netta akaingia kwenye ua wa waridi. Akatoka na majani kichwani. "Ya mbele ndiyo ipi?"

Ina akasimama, mikono kiunoni. "We Netta! Miaka yote unawaambia watu wasiiguse!"

"Niliwaambia wasiiguse. Sikuwaambia iko wapi."

Mchungaji alitoka nje, akawatazama kwa muda, akasema atawakumbuka katika sala, akarudi ndani.

Siku ilipofika kulikuwa na manyunyu. Kundi lilikuwa limejikusanya chini ya ubao: mafundi wawili wa mabomba, mwalimu wa kike mwenye simu iliyofungwa kwenye helmeti, jitu moja la kutoka Glasgow, Fraser, limechorwa chatu shingoni, na wengine. Dod alikuwa amekuja na kiti cha kukunja.

"Mama Netta, bluu, siyo?" akauliza Fraser.

Netta akaugeukia ubao. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusoma mpaka mwisho. Habari za bluu alizisoma mara mbili: mawe, mteremko mkali, kona ya mizizi ambayo yeye mwenyewe aliitangaza miaka yote.

"Kijani," akasema.

"Hiyo si ya watoto?" Dod akadakia kutoka kitini.

"Ndiyo maana wanarudi wazima, shemeji."

Wakacheka, wakamfuata. Dod akaacha kiti chake akafuata pia, maana alitaka kushuhudia.

Wakaenda mwendo wa maziko, kwani Netta alitangulia na njia ni nyembamba, hakuna wa kumpita. Penye mlima alishuka akasukuma, nao wakashuka wakasukuma, kila mmoja akidhani ndivyo inavyofundishwa. Kwenye kijito, mkono wake wa kulia ukajibania breki ya mbele, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Alitua kwenye tope kwa kishindo.

Netta akaketi palepale, akaona bora yaishe.

"Jamani, niwaambie ukweli. Mimi sijui kuendesha. Nimejifunza juzi tu, pale kanisani."

Fraser akapasuka kwa kicheko. "Mmemwona? Anatufundisha kuanguka!"

Wakapiga makofi. Yule mwalimu akaomba kama mama anaweza kuanguka tena polepole, maana simu haikunasa vizuri.

"Shemeji," Netta akasema, "waambie wewe."

"Ni kweli," Dod akasema, tena kwa furaha. "Hajui lolote. Hajawahi kujua."

Wakamzomea. Fundi mmoja wa mabomba akamwambia wivu haufai kwa mtu mzima.

Basi wakaendelea. Mwisho wa njia ya kijani ni mteremko mrefu, mlaini, kando ya kijito, na hapo Netta hakuwa na la kufanya ila kushikilia. Tuliokuwa mkahawani tulimsikia kabla ya kumwona. Ukelele ulianza kuwa wa hofu. Sijui uligeukia wapi, lakini ulipotoka kwenye miti ulikuwa mwingine kabisa, wa mtoto aliyebebwa juu juu. Alipita mbele yetu, akaupita na mkahawa, akasimamishwa na pipa la taka. Machozi yalimtoka. Tulidhani ameumia.

"Kumbe ndivyo kulivyo," alisema, akirudiarudia. "Mbona hamkuniambia?"

Tangu siku ile, kila Jumatatu, mkahawa ukifungwa, yeye na Ina huwa msituni. Ameimaliza kijani mara nyingi, ameijaribu bluu, nyekundu ameipitia kwa miguu akitazama jiwe moja moja. Sasa anazijua njia.

Na hapo ndipo kazi ilipoharibika. Mgeni akiuliza aanzie wapi, Netta hafumbi macho tena.

"Inategemea, mwanangu. Umelala vizuri? Magurudumu umeyajaza upepo kiasi gani? Maana juzi imenyesha upande wa juu, mizizi inateleza, lakini ukishika mkono wa kushoto pale penye gogo, siyo gogo la kwanza, la pili..."

Foleni inafika maegeshoni, supu inapoa, na mgeni anarudi kuusoma ubao.

"Netta mpenzi," Greer akamsihi, "huwezi kusema bluu tu, kama zamani?"

"Nitasemaje bluu tu, na sasa naijua?"

Wakamhamishia jikoni. Dirishani wamemweka kijana mmoja wa Carlisle ambaye hajui hata geti liko wapi. Anajibu upesi, na wageni wanamsifu sana. Netta hakununa. Jikoni hakuna wa kumuuliza kitu, na zamu inaisha mapema, wakati mwanga bado upo juu ya misonobari. Anavua aproni, anaining'iniza msumarini, na Ina anamngoja nje akipiga kengele.