Jogoo wa Mama Zabibu

Mama Zabibu wa Chiwata, jamani, alikuwa mjane asiye na kitu. Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia kwenye korosho, mradi mmoja ulileta watafiti kuchagua vijana wa kaya maskini, wakafundishwe ushonaji Masasi. Binti yake, Zabibu, aliitaka sana nafasi hiyo. Mama aliposikia watafika kwake, aliazima viti vya jirani, akachinja jogoo wake wa pekee.

“Leo unaposwa nini?” jirani alimtania.

Mtafiti aliyefika alikula, akashiba. “Mama, kumbe mnaishi vizuri!”

“Tunamshukuru Mungu, mwanangu.”

Wakachaguliwa wengine. Zabibu alilia. “Mama, kwa nini hukumwambia hatuna kitu?”

“Mgeni ana wali mdomoni, nimwambie tuna njaa?”

Zabibu alichukua jembe, akaenda kulima kibarua.