Herufi Kumi na Moja

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nafundisha darasa la tatu, na nilijiona mtu mwenye shughuli kuliko wote wa mtaa wetu wa Mikelenge. Asubuhi shule, mchana mikutano ya chama, jioni mazoezi ya animasyo, zile nyimbo na ngoma za kumsifu Rais. Mji wetu wa Kindu haukukosa mgeni wa kupokelewa, na kila mgeni alitaka kutukuta uwanjani tumevaa liputa, yaani vitenge, za aina moja. Nikiulizwa habari, nilijibu kwa fahari, "Sina nafasi hata ya kukohoa."

Kabla ya hayo nilikuwa nimewaahidi wanawake saba wa mtaa wetu kwamba kila Alhamisi, watoto wakiisha kutoka, ningewafundisha kusoma. Hakuna aliyenituma. Nilipita mwenyewe nyumba kwa nyumba, nikawaambia kwamba hiyo ndiyo sababu nilitaka kuwa mwalimu. Nilikuwa nasema kweli. Walikuja wamejitanda mitandio yao mizuri, wameshika vibao vya watoto wao. Tulianza na A, tukaenda polepole, tukafika K.

Hapo nikachaguliwa kuongoza animasyo ya shule yetu. Alhamisi ya kwanza nilituma mtu kuwaomba radhi. Ya pili sikutuma mtu. Mmoja wao, mama aliyeuza mawese karibu na stesheni ya gari la moshi, alinisimamisha njiani.

"Mwalimu, tuko tunakungojea."

"Wiki ijayo, mama. Unaona mwenyewe namna niko nachoka."

"Pole, mwalimu."

Ile pole niliipokea kama haki yangu, nikaenda zangu. Tulikutana vile mara nyingi, mpaka akaacha kuniuliza, na mimi nikafurahi kwamba ameacha.

Karibu mwaka ulipita. Alhamisi moja treni ya mgeni ilikwama njiani, mazoezi yakavunjwa, nikarudi shuleni kuchukua mwavuli wangu. Nikasikia sauti darasani. Nikachungulia.

Mama wa mawese alikuwa amesimama mbele ya ubao na kipande cha chaki. Kwenye madawati walikaa wanne wa wale wangu, na wengine watatu nisiowajua. Alisoma A mpaka K, wakaitika kwa nguvu, akarudi tena A. Ubaoni, chini ya herufi hizo, alikuwa ameandika *baba, dada, kaka, haki, dakika*. Kwa herufi kumi na moja walikuwa wamechimba kila neno walilopata.

Aliponiona alifuta mikono, akaninyooshea chaki kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu. Tulijua uko na kazi mingi. Njo maana tunarudilia hizi tu." Kisha akauliza, taratibu, "*Baba* tunaandika. *Mama* inatushinda. Iko mbali?"

Ilikuwa herufi mbili mbele. Saa moja ya kazi, pengine pungufu. Nilitamani anitukane. Hakunitukana, wala hakuna aliyecheka, wote walinitazama wakingoja jibu. Nikaandika L, nikaandika M, kwa haraka hata mistari ikapinda. Wakainakili ile M na kupinda kwake.

Kesho yake nilikwenda kwa msimamizi wa animasyo kuomba Alhamisi zangu. Nilikuwa nimetunga maneno marefu, nimejiandaa hata kulia. Hakuinua kichwa kwenye karatasi zake.

"Alhamisi? Kamata. Mwingine ataongoza."

Ni hilo tu. Ningeweza kuomba siku yoyote ya mwaka ule mzima.

Tulifika Z kabla ya mvua kubwa. Wawili kati ya wale saba wa kwanza hawakurudi. Mmoja nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinipa kiti, akaniuliza habari za wazazi wangu, na nilipotaja masomo akaendelea kutwanga.

"Mimi niliisha kuacha, mwalimu," akasema. "Nilifikiri kichwa changu njo kilikushinda."